Chupa ya Maji Dirishani

Katika dirisha la darasa letu, upande unaopokea jua la asubuhi, ipo chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ambayo wengi wetu hapa Kivu huiita bokali. Masista walitupatia ilipokwisha kazi yake jikoni. Imekaa mahali pale tangu mvua za Septemba, wala ndani yake hamna samaki, hamna kitu chochote ambacho mpita njia angesimama kukitazama: ni maji tu, mchanga wa kimo cha kidole kimoja, na majani machache ya majini. Walakini chupa hiyo imetufundisha mengi, na jambo moja ilitufundisha kwa kututahayarisha mbele ya wazazi wa watoto wetu. Tumeona si haki kulificha.

Chanzo chake kilikuwa swali la mtoto. Chini ya kilima cha misioni kuna bwawa, lililobaki pale watu walipochimba udongo wa matofali. Kijito huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Akina mama hufulia hapo, na watoto hujitupa majini mara tu kengele ya mwisho ipigwapo. Basi siku moja tulikuwa tukifundisha habari za uumbaji, jinsi Mwenyezi Mungu alivyoyajaza maji viumbe hai. Mvulana mmoja akainua mkono, akasema, “Mwalimu, bwawa letu halikujaa. Mna vyura tu.” Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana tulikumbuka kwamba katika kabati ya shule mna hadubini ya zamani, yenye kioo kidogo cha kuelekeza mwanga wa jua, iliyolala sandukuni miaka mingi bila kutumiwa na mtu.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa nzito zaidi. Watu walikuwa wamesikia redioni habari za ugonjwa wa kichocho, ambao waganga huuita bilharzia, na mzee mmoja wa baraza la wazazi alikuwa ametuuliza, “Mwanangu, wewe uliyesoma, tena una chombo cha kuonea vitu vidogo, je, maji yetu yana ugonjwa huo?” Tulimwahidi kutazama.

Tukashuka bwawani na darasa zima. Tuliteka maji pamoja na tope kidogo na majani, na juu ya majani walikuwamo konokono wanne, wadogo kama kifungo cha shati, ambao ganda lao limelala bapa kama kamba iliyozungushwa. Tulikuwa tumesoma kwamba mdudu wa kichocho hutoka katika konokono wa majini wakati wa mwanga, kuelekea adhuhuri. Kwa hiyo tuliwatia konokono wale katika bilauri ya maji safi, tukaiweka juani tangu saa nne hadi saa nane, siku mbili mfululizo, tukaikagua kwa kioo cha kukuzia. Hakikuonekana kitu. Tukawarudisha katika chupa, tukampelekea yule mzee jibu: “Mzee, maji yenu hayana ubaya.” Naye akawatangazia wengine baada ya Misa ya Dominika. Neno hilo lilitoka kinywani mwetu sisi, tutalirudia mbele.

Siku za kwanza chupa haikupendeza. Majani yaliyokufa yalianza kuoza, maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Kazi ya kuoza hufanywa na bakteria, ambao hadubini yetu huwaonyesha kama vumbi linalotikisika. Siku ya nne ikatoka harufu, na mtoto aketiye karibu na dirisha akaomba ahamishwe. Ndipo wakatokea wale walao bakteria, na kati yao yule ambaye wataalamu humwita paramesia. Umbo lake ni kama kandambili, urefu wake yapata sehemu ya tano ya milimita. Mwili wake wote ni chembe moja tu ya uhai, hauna mfupa wala damu, nao umezungukwa na vinyweleo vinavyopiga maji kama makasia ya mtumbwi. Akigonga jani hurudi nyuma kidogo, hugeuka, hujaribu njia nyingine, akigonga tena hurudi tena. Watoto walimpenda kwa sababu hiyo. Akipata chakula cha kutosha hujigawa katikati, na mmoja huwa wawili, mara moja au zaidi kwa siku. Mwanafunzi mmoja hodari wa hesabu alianza kupiga hesabu ya mwezi mzima, akaishiwa karatasi.

Swali likazuka: wametoka wapi? Jumatatu tulitafuta matoneni bila kuona hata mmoja, Ijumaa walikuwa wengi kuliko watu sokoni. Je, wameota wenyewe katika uozo? Msiwacheke watoto kwa swali hilo, maana mapadri wawili wenye elimu kubwa walibishana juu yake zaidi ya miaka 200 iliyopita. Padri John Needham, Mwingereza, alitangaza mwaka 1748 kwamba mchuzi wa nyama alioupasha moto na kuuziba ndani ya chupa ulijaa viumbe vidogo baada ya siku chache. Akaamini kwamba uhai waweza kuzuka katika vitu vinavyooza. Mtu huyu hakuwa mjinga: baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa akademia ya wataalamu ya Brussels, na mjini humo ndiko alikofia mwaka 1781. Lakini Padri Lazzaro Spallanzani wa Italia hakuridhika. Aliziba shingo za chupa zake kwa kuyeyusha kioo chenyewe, akazichemsha muda wa saa nzima hivi, na mwaka 1765 akatoa kitabu kueleza kwamba ndani yake hakikuonekana kitu. Alipozivunja shingo na hewa ikaingia, viumbe vikaja. Ubishi ule haukutulia mpaka kazi ya Louis Pasteur wa Ufaransa karibu na mwaka 1862. Needham alikuwa na macho mazuri. Kosa lake lilikuwa haraka: hakuchemsha muda wa kutosha, wala hakuziba sawasawa.

Tuliwaeleza watoto hayo yote, wakakubali kwamba paramesia walikuwamo tangu mwanzo, wachache mno wa kuonekana, wakingoja chakula. Laiti sisi wenyewe tungaliyasikiliza maneno yetu siku ile!

Katika juma la pili na la tatu walikuja wengine. Juu ya majani yalitokea makundi ya vikengele, kila kimoja juu ya bua lake jembamba. Ukigusa chupa, mabua yote hujikunja mara moja kama uzi wa chuma, kisha hujinyosha polepole. Wakaja na wale wenye magurudumu, waitwao rotifera. Hao ni wanyama kamili, wana mdomo na taya na tumbo, ijapokuwa wengi wao hawazidi paramesia kwa ukubwa. Kichwani wana duara mbili za vinyweleo vinavyopigana kwa zamu, hata macho hudanganyika, yakadhani ni magurudumu mawili yanayozunguka. Spallanzani yule yule aliwahi kuwakausha pamoja na mchanga wao hadi wakawa kama vumbi, akawatilia maji, wakaamka na kuanza kula. Sisi tulijaribu mara moja tu, hatukufaulu. Nadhani tulikausha kwa pupa.

Kufikia mwisho wa Septemba maji yalikuwa yametakata kabisa. Ungeweza kusoma gazeti kupitia chupa. Mama mmoja aliyekuja kulipa karo aliitazama, akasema, “Sasa maji haya yamepona, Mwalimu, hata kunywa yananyweka.” Tukamwonyesha tone moja chini ya hadubini. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akainua kichwa na kuuliza kama hao wamo pia katika mtungi wake nyumbani. Tukamwambia kwamba wengi wa viumbe hawa hawamdhuru mtu, na kwamba ni wao hasa waliokula uozo na kuyatakasa maji. Walakini weupe wa maji si ushahidi wa usafi wake, na ya kunywa yapasa kuchemshwa hata yakiwa meupe kama kioo. Alituambia tena maneno hayo hayo mlangoni, kama anayeyakariri.

Mtu wa kwanza kuandika habari za viumbe hawa hakuwa padri wala mganga. Alikuwa mwuza nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea vioo vyake mwenyewe. Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa lililo karibu na mji wake, akaona wanyama wadogo wakiogelea ndani yake. Wataalamu wa London walisita kumsadiki, hata akalazimika kuwapelekea mashahidi, na mmoja wao, Robert Hooke, akaona kwa macho yake mwaka 1677. Lakini kwetu sisi walimu mpenzi zaidi ni Abraham Trembley wa Geneva. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini alikuwa mwalimu. Yapata mwaka 1740 alikuwa akiwafundisha watoto wawili wa bwana mmoja mkubwa karibu na mji wa The Hague, akaweka chupa za maji ya bwawa dirishani, akatazama pamoja na wanafunzi wake kila siku, mwezi baada ya mwezi. Humo alimwona mnyama mdogo aliyeshikamana na kioo, ambaye leo huitwa haidra. Alimkata vipande viwili ili ajue kama ni mmea au mnyama. Badala ya kufa, kila kipande kikawa haidra mzima.

Nasi tulimpata mmoja katika juma la nne. Alikuwa wa rangi ya udongo, urefu wa nusu sentimita, akining'inia kwenye kioo na mikono yake membamba ikielea majini. Kiroboto wa maji akiugusa mkono mmoja hufa ganzi pale pale, huvutwa na kumezwa, na kivuli chake huonekana tumboni mwa mlaji. Mvulana aliyedai kwamba bwawa halikujaa ndiye aliyeomba kumkata. Tulitumia wembe. Baada ya siku chache kile kipande cha chini kilikuwa kimeota mikono mipya, na darasa likagawanyika, wengine wakiuliza ni yupi kati ya hao wawili aliye haidra wa kwanza. Tuliwaachia swali hilo waende nalo nyumbani, maana hata sisi lilitushinda.

Hao viroboto wa maji, pamoja na ndugu zao wenye jicho moja waitwao siklopu, walituletea jioni njema kuliko zote. Mtoto wa mvuvi alituambia kwamba usiku ungefaa kuliko mchana. Tukarudi darasani giza lilipoingia, tukaweka tochi ubavuni mwa chupa. Baada ya dakika chache maji ya upande ule yalikuwa yakichemka viumbe, kila mmoja kama chembe ya unga yenye uhai, na majike ya siklopu yakibeba mifuko miwili ya mayai nyuma kama mama aliyebeba vikapu viwili. Yule mtoto akasema, “Ndiyo maana baba huwasha taa ziwani.” Alisema kweli. Viumbe kama hawa katika ziwa Kivu hupanda juu usiku na kushuka vilindini mchana, na sambaza huwafuata, maana ndio chakula chao. Tena mwanga huwavuta, ndiyo sababu wavuvi hupenda usiku usio na mwezi.

Wasomaji wetu vijana huenda hawajui kwamba sambaza ni mgeni katika ziwa letu. Ni ndugu wa ndagala wa ziwa Tanganyika, naye aliletwa kutoka huko kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa kuwa katika maji mapana ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula chakula hicho. Leo ndiye kitoweo cha maskini na tajiri mjini Bukavu. Lakini aina moja ya kiroboto wa maji, mkubwa kuliko wenzake, aliyekuwa akipatikana ziwani kabla ya hapo, haonekani tena, sambaza wamemmaliza. Hatusemi kwamba ilikuwa vibaya kuwaleta. Twasema tu kwamba aliyewaleta alikuwa akitazama samaki, wala si ajabu kwamba hakutazama kiroboto.

Sasa turudi kwa konokono. Walikuwa wamebaki chupani muda huu wote, wakila ukijani uliojishika kwenye kioo, nasi tulikuwa tumewasahau. Kila Jumamosi tulikuwa tukisafisha kioo kwa mkono mtupu, sisi au mwanafunzi mmoja wa zamu. Ilikuwa mwanzo wa Novemba, juma la saba, siku ya jua kali baada ya mvua ya usiku. Tuliinama kutafuta haidra, yapata saa sita mchana. Karibu na uso wa maji kulikuwa na nyuzi nyeupe fupi sana, chini ya milimita moja, zikining'inia bila kusogea, kisha zikiruka juu ghafla, kisha zikishuka tena. Tukachukua tone kwa mrija. Chini ya hadubini kila uzi ulikuwa na kichwa kirefu na mkia, na mkia ule ulipasuka mwishoni kuwa pande mbili, kama panda ya manati.

Tulikaa kimya. Picha hiyo tuliijua kitabuni.

Tuliondoa konokono mmoja mmoja kwa kijiko kirefu, tukamweka kila mmoja katika bilauri yake. Watatu hawakutoa kitu. Wa nne alikuwa akitoa nyuzi zile kama moshi. Kwa nini hakutoa siku zile mbili za kwanza? Jibu ni rahisi, na lilikuwamo kitabuni ukurasa wa pili, ambao hatukuufungua. Mdudu akishaingia ndani ya konokono hukaa humo majuma manne, sita au zaidi, akiongezeka, kabla ya kuanza kutoka. Tena penye baridi kama milimani kwetu huchelewa zaidi. Konokono wetu alikuwa ameambukizwa karibuni tu tulipomchukua. Kwa kumtazama siku mbili tulikuwa tumemtazama kabla ya wakati wake, tukatoa hukumu.

Inatupasa kusema kwamba mikia ya panda si ya kichocho peke yake. Wako wadudu wa ndege na wa wanyama wengine wenye umbo karibu na hilo, wala mwalimu mwenye hadubini ya zamani hana uwezo wa kuwatenganisha. Kwa hiyo hatukutangaza. Tulipiga picha kwa simu kupitia tundu la hadubini, tukaenda nayo kwa mwuguzi wa kituo cha afya. Aliitazama, akasema kwamba picha haimtoshi, alete watoto vyoo vyao. Baada ya siku chache akatuita. Katika choo cha baadhi ya watoto wa darasa letu aliona mayai yenye mwiba ubavuni, ambayo ni alama ya kichocho cha tumbo. Mmoja wao ni yule mtoto aketiye karibu na dirisha, aliyekuwa akilalamika tumbo tangu mwaka uliopita, nasi tukidhani ni uvivu wa masomo.

Ugonjwa huu ni wa kale. Mayai ya mdudu wake yameonekana katika maiti zilizokaushwa za Misri ya akina Farao, jambo lililotangazwa mwaka 1910. Mdudu mwenyewe alionekana mara ya kwanza mjini Kairo mwaka 1851 na mganga Mjerumani Theodor Bilharz, na ndiyo asili ya jina bilharzia. Siri ya konokono ilijulikana Japani mwaka 1913, kisha Misri mwaka 1915. Kongo nayo ina sehemu yake katika habari hii: aina moja ya mdudu huyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1934 kutokana na wagonjwa wa upande wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo.

Njia yake ni hii. Mtu mgonjwa akijisaidia karibu na maji, au mvua ikikokota choo chake mpaka majini, mayai hupasuka na kutoa kiumbe kinachoogelea kumtafuta konokono, nacho hufa kisipompata kwa muda wa siku moja hivi. Kikimpata, hutoka baadaye wale wenye mikia, kwa maelfu, siku baada ya siku. Hao hutafuta ngozi ya mtu. Hawahitaji jeraha, hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, mkia hubaki nje, na mwili huingia katika damu. Miaka hupita, ini huvimba, tumbo hujaa maji, mtu hutapika damu, na jamaa hutafuta aliyemroga.

Baraza la wazazi lilikutana Dominika iliyofuata. Padri alitaka kutusemea. Tukamwomba atuache tuseme wenyewe. Tulisimama tukaeleza kwamba neno tulilompa mzee mnamo Septemba lilikuwa la uongo, ingawa hatukukusudia kudanganya, na kwamba majuma saba watoto wameoga kwa kutegemea neno letu. Yule mzee hakukasirika. Aliuliza tu, “Mwanangu, safari hii una hakika?” Tukamwambia kwamba safari hii mwuguzi ndiye aliye na hakika. Ndipo mama mmoja akasimama akasema neno ambalo bado latuuma: “Mwalimu, umetuambia tusiguse bwawa. Chemchemi iko mwendo wa saa nzima. Nguo za watoto sita nitazifulia wapi?”

Hatukuwa na jibu zuri, na ni rahisi sana kwa mwalimu mwenye mashati matatu kuwakataza wengine maji. Baada ya maneno mengi walikubaliana hivi. Vyoo vitachimbwa upande wa chini wa njia, mbali na bwawa, kwa maana bila mayai hakuna mdudu; kazi hiyo imekwisha anza na vijana wamechimba mashimo mawili. Maji ya kufulia yatatekwa na kuchujwa kwa kitambaa ili konokono asiingie, yatawekwa katika mapipa siku mbili kamili kabla ya kutumiwa, maana wale wenye mikia hufa ndani ya muda huo wasipopata ngozi. Mtu atakayeteka avae viatu vya mpira, kama anavyo. Majani ya ukingoni ambako konokono hukaa yamefyekwa. Watoto wamekatazwa kuoga, nao huoga hata hivyo siku tusipokuwapo, wengine alfajiri wakidai kwamba mdudu bado amelala. Tumewaambia kwamba asubuhi hupunguza hatari tu, haiondoi.

Mwuguzi alikuja shuleni na kijiti chake cha kupimia kimo, akampa kila mtoto vidonge kwa kadiri ya urefu wake. Dawa hiyo, praziquantel, huua wadudu waliokomaa, lakini haiwezi vizuri wale wachanga, wala haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake. Kwa hiyo atarudi.

Ikiwa kati yenu wako walimu au wazazi watakaopenda kuweka chupa kama yetu, twawasihi wasiache kwa hofu, bali wafanye kwa akili. Msichukue konokono hata mmoja, na mkague majani mara mbili kwa ajili ya mayai yao, ambayo ni kama utomvu unaong'aa. Iacheni chupa siku tatu kabla ya kuigusa, tena msitie mkono kamwe, tumieni kijiko au mrija. Jua la moja kwa moja la mchana huipasha chupa moto na kuua walio ndani. Dirisha la asubuhi lafaa. Msiongeze chakula. Daftari moja na kalamu vyatosha, nacho kioo cha kukuzia huonyesha mengi hata pasipo hadubini.

Konokono wetu wanne tuliwamwagia maji ya moto. Chupa ingali dirishani, na haidra wawili waliotokana na yule mmoja wamo bado. Juzi mtoto wa mvuvi alimwona wa tatu karibu na mdomo wa chupa. Sisi wenyewe, tuliokuwa tukisafisha kioo kwa mkono mtupu, tulipimwa pamoja na watoto, na hakikuonekana kitu. Tulipotaka kushukuru, mwuguzi alitukatiza. Alisema kwamba mayai hayaonekani katika choo mpaka mdudu akae mwilini majuma mengi, na akatuandikia tarehe ya kurudi.